Bwana Majani na Mashine ya Kingo

Ifakara ya miaka ile ilikuwa na Bwana Shamba, Bwana Afya na Bwana Mifugo, na wote watatu waliteuliwa na serikali. Bwana Majani hakuteuliwa na mtu. Alijitokeza tu, ndani ya ovaroli ya kijani iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mistari miguuni, na kabla mvua za mwaka ule hazijakatika mji mzima ulikuwa unamwita hivyo. Jina lenyewe lilimletea taabu. Watu waliosikia habari zake juu juu walifika nyumbani kwake kuulizia majani ya chai. Mkewe, ambaye bila kupenda alikuwa amegeuka Mama Majani, alichoka kuwaeleza. Mwisho akaanza kuuza majani ya chai kweli, katika vipakiti, dirishani, na kwa muda biashara yake ilikwenda vizuri kuliko ya mumewe.

Mimi nilikuwa jirani yao. Nilifundisha Kiingereza shule ya msingi, uzio wa matete ukitutenganisha, na sikumbuki asubuhi niliyoamka bila kumsikia akinoa kitu. Alinoa fyekeo, mapanga, mikasi ya kukatia michongoma, na vyake vilipokwisha alihamia kwa jirani.

"Shikamoo baba," nilikuwa nikisema kupitia matete.

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje? Nipe kisu chako. Jana nimekisikia kinavyohangaika na kitunguu."

Alikuwa ametumikia mashamba ya miwa upande wa Kidatu kwa miaka mingi, lakini muwa wenyewe hakuwahi kuukata. Kazi yake ilikuwa bustani za nyumba za wakubwa. Walipopunguzwa kazini, wenzake walinunua cherehani, au mashine za kukoboa mpunga, au walirudi makwao kulima. Yeye alikuja Ifakara na wazo la kutunza nyasi za watu.

Watu walicheka, na sikuwalaumu. Bonde la Kilombero lina majani kuliko kitu kingine chochote. Mkulima wa huku anapambana nayo tangu mvua za kwanza mpaka mavuno; kumwambia utamtunzia majani ni sawa na kumwambia utamfugia mbu. Yeye hakuona kichekesho. "Hakuna majani mabaya, Mwalimu," alikuwa akisema. "Kuna majani marefu tu."

Na huyu mtu aliyependa nyasi kiasi hicho aliishi katika ua usio na jani hata moja. Mkewe alikuwa mwanamke wa adabu za Ifakara: kila alfajiri alifagia ua mpaka udongo ukang'aa, na jani lililothubutu kuchomoza aliling'oa na mzizi wake. Bwana Majani alimwomba mara nyingi ampe kipande cha ukoka, hata cha ukubwa wa mkeka. Alijibiwa kwamba nyoka wa mkeka mmoja anatosha kuua ukoo mzima.

Nyoka wala hakuwaogopa. "Nyoka ana adabu," alisema. "Ukimpisha, anakupisha." Alichoogopa ni chura. Katika bonde ambalo vyura hulia usiku kucha kama kwaya isiyo na mwalimu, mwanamume mrefu wa futi sita aliruka kama aliyechomwa moto kila chura alipotokea mbele yake. "Chura hana mpango," alinieleza akiwa juu ya kigoda changu jikoni. "Hata mwenyewe hajui anarukia wapi. Sasa wewe utajihadharije?"

Alikuwa pia na desturi ya kukagua nyasi kwa kulala chini. Alivua kofia, akalaza shavu ardhini, akafumba jicho moja na kutazama kwa lile jingine, akitafuta jani lililozidi wenzake. Siku moja alifanya hivyo saa sita mchana karibu na lango la hospitali. Watu wawili waliokuwa wamemletea mgonjwa wao chakula wakamwona mzee wa watu kalala kifudifudi, mdomo majanini. Wakaweka vyombo chini, wakambeba mmoja kichwani, mwingine miguuni.

"Niacheni!" alipiga kelele. "Naangalia usawa!"

"Anaweweseka," alisema yule wa miguuni. "Haraka."

Alifikishwa mapokezi akiendelea kueleza habari za usawa. Muuguzi akampima joto, akamtazama, akampima tena. Alikuwa na malaria, tena kali, na hakuwa na habari. Alipotoka siku tatu baadaye alikwenda kuwashukuru wale watu, ila alisisitiza kwamba walikuwa wamepatia kwa kukosea.

Habari ya mashine ilianza na kitabu. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia kitabu cha picha za mashine za bustani, kurasa zinang'aa kama sahani za harusi, maelezo yote kwa Kiingereza. Kila Jumapili baada ya misa aliniletea nimsomee. Kiingereza changu kilikuwa cha ng'ombe yuko malishoni na kalamu iko mezani. Habari za mizunguko ya injini zilinitoa jasho. Lakini tulisoma.

Mashine mbili ndizo zilizomnyima usingizi. Ya kwanza ni ile ya kufyekea: mti mrefu kama mpini wa jembe, injini ndogo nyuma, na mbele kichwa cha duara chenye uzi wa nailoni. Injini ikizunguka, uzi unazunguka, majani yanalala.

"Uzi?" aliniuliza. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Uzi unashona, Mwalimu. Haukati. Umekosea neno."

Sikuwa nimekosea, lakini ilimchukua Jumapili tatu kunisamehe. Ya pili ni mashine ya kingo. Hii ilikuwa na magurudumu madogo, mipini kama ya toroli, na kisu kimoja kilichosimama wima, kazi yake kukata ukoka pale unapokutana na njia, ili mstari uwe mnyoofu. Ukurasa huo aliukunja pembe. Kwake nyasi bila kingo zilikuwa shati bila kola: utalivaa, lakini si kanisani.

Mkewe naye alikuwa amefikiri. Kiinua mgongo cha mumewe kilikuwa kimoja, hakuna kingine kilichokuwa njiani, na yeye ndiye aliyekuwa na akili ya kufikiria mambo kuharibika. Nilipopata safari ya Morogoro kwa shughuli za shule, alinivizia kisimani.

"Mwalimu, nenda naye dukani. Namjua mume wangu. Ukimwacha peke yake atarudi na kingine. Anunue mbili za uzi, zinazofanana. Moja ikifa, vipuri vyake vinahamia kwa mwenzake, na sisi tunaendelea kula. Tafadhali usimruhusu aisogelee ile ya kingo."

Nikamwahidi. Nilikuwa kijana, nilidhani ahadi ni maneno tu.

Mwenye duka alikuwa bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kipande cha waya, na subira ya mtu aliyewauzia wakulima pampu kwa miaka mingi. Alitoa mashine za uzi tatu, akazilaza kwenye kaunta.

Ya kwanza ilikuwa ya umeme. Bwana Majani aliushika waya wake, akaupima kwa pima za mikono. "Unaishia hapa?"

"Unaweza kuunganisha."

"Kutoka kwangu mpaka kwa mteja wa kwanza ni mwendo wa robo saa kwa baiskeli," alisema, na kuiweka pembeni. Hakutaja kwamba umeme wetu wa siku zile ulikuwa kama mgeni mkubwa, hukuambiwa anafika lini wala anaondoka lini. Aliona aibu kuusema vibaya mbele ya watu wa Morogoro.

Ya pili ilikuwa ya petroli, mti wake umepinda kuelekea mbele kama shingo ya korongo. Aliishika, na kwa urefu wake ikambidi ainame mpaka akawa kama anatafuta sindano. Mwenye duka alisema ni nyepesi. "Nyepesi mkononi," alijibu Bwana Majani, "nzito kiunoni." Nayo ikaenda pembeni.

Ya tatu ilikuwa na mti ulionyooka na mkanda wa begani. Aliuvaa mkanda, akaurefusha, akaipeleka mashine huku na huku katikati ya ndoo na mabati. Akauliza petroli inachanganywa na oili kiasi gani, plagi inafunguliwa kwa spana ipi, mikono inabaki inatetemeka kwa muda gani baada ya kazi. Halafu akasema anataka kuijaribu.

"Haijaribiwi, mzee. Ikitiwa petroli si mpya tena."

"Na viatu havijaribiwi?"

"Viatu havinywi petroli."

"Basi nami sinywi maneno," alisema, akaanza kuvua mkanda polepole, kama mtu anayeaga. Mwenye duka akamfahamu. Akatia petroli kikombe kimoja, tukavuka barabara, mahali palipokuwa na majani ya magotini mbele ya jengo moja la ofisi, kushoto na kulia kwa njia ya kuingilia.

Aliivuta kamba mara mbili, ikanguruma. Watu wakasimama. Alianza kama anayepima, kisha bega likazoea, na uzi ule aliokataa kuuamini ukawa unalaza majani chini kama maji yanavyolaza mpunga. Nilimwona usoni. Nilikuwa nimeishi jirani na mtu huyu kwa zaidi ya mwaka na sikuwa nimejua kwamba ana jino la dhahabu.

Alipomaliza upande wa kushoto, askari akafika.

"Mzee! Nani amekupa kibali cha kukata haya majani?"

Bwana Majani akazima mashine, akavua kofia. "Afande, nani aliyapa kibali cha kurefuka?"

Nilifumba macho. Mwenye duka akaanza kueleza kwamba ni majaribio, mteja kutoka mbali, kikombe kimoja tu. Askari alikuwa hasikilizi. Alikuwa anatazama jengo: upande mmoja umenyolewa, upande mwingine msitu, kama kichwa cha mtu aliyekimbia kinyozi.

"Sasa mkuu akirudi akaona hivi?" aliuliza. "Umalize na huku. Usipomaliza, tunakwenda wote kituoni."

Akamaliza na huku, kwa furaha ambayo askari aliitafsiri kuwa ni woga, na mwenye duka akakimbia kuleta kikombe cha pili.

Hapo ndipo kazi niliyotumwa ingepaswa kwisha vizuri. Tulirudi dukani, nikasema, "Basi baba, mbili kama hii." Naye akasema, "Mbili kama hii." Akageuka kutafuta pa kukaa, akaiona.

Ilikuwa kwenye kona, nyuma ya magunia ya saruji, na vumbi la muda mrefu. Mashine ya kingo. Aliisogelea kama mtu anayekutana na ndugu aliyemjua kwa picha. Akafuta kisu kwa kiganja.

"Baba," nilisema, "mama alisema mbili za uzi."

"Mama hajaiona hii."

Mwenye duka, Mungu amlipe, alikuwa mwaminifu. "Mzee, hiyo iko hapo tangu niifungue na hakuna aliyewahi kuiulizia. Ile ya uzi ukiigeuza ubavu inakata na kingo pia. Huhitaji mbili."

"Kisu cha kumenyea viazi nacho kinanyoa ndevu," alisema Bwana Majani. "Wewe unakinyolea?"

Nilimsihi. Nilitaja vipuri, nilitaja chakula, nilitaja uso wa mkewe. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema, "Umesema vizuri sana, Mwalimu," akalipia moja ya uzi na moja ya kingo.

Mama Majani alitupokea uani. Hakupiga kelele. Alizunguka ile mashine mara moja, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kingo."

Akainua macho akatazama nje: barabara ya udongo, uzio wa matete, mpunga wa jirani, majani, maji. Akatazama kwa muda, mji mzima.

"Ziko wapi?" aliuliza.

Kisha akanitazama mimi, na kwa wiki mbili niliazima chumvi nyumba ya upande wa pili.

Swali lake lilikuwa la haki. Mashine ya kingo inataka njia ngumu, ya saruji au matofali, ili magurudumu yapite. Ifakara ya siku zile njia ngumu ungeweza kuzihesabu bila kutoa mkono wa pili mfukoni. Alipoijaribu mara ya kwanza, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa mpunga, mashine ilipita juu ya udongo mweusi, ikazama mpaka ekseli, ikachimba mfereji mzuri ulionyooka pande zote za njia. Mvua ikanyesha. Mfereji ukajaa. Siku ya tatu vyura wakahamia. Mfanyabiashara alikuja kulalamika, na Bwana Majani hakuweza kwenda kurekebisha kwa sababu ambayo hakutaka kuitaja. Mkewe ndiye aliyekwenda, na jembe, akafukia.

Ile ya uzi ilikuwa ikifanya kazi, na ndiyo iliyowalisha. Mpaka uzi ulipokwisha. Hapa mjini haukuwepo wa aina ile, na mwenye duka wa Morogoro alituma salamu kwamba tusubiri meli. Bwana Majani alikaa siku nne kizingitini, ovaroli imepigwa pasi, hana pa kwenda. Siku ya tano mkewe alirudi kutoka Kivukoni na samaki, na samaki mmoja alikuwa bado na kipande cha mshipi mdomoni. Akakivuta. Akakivuta tena kwa nguvu. Akampelekea mumewe.

Kuanzia siku hiyo mashine ilifungwa mshipi wa wavuvi, ule mnene wa kambare. Wavuvi walimwona akinunua kila wiki, wakaanza kumwuliza anavulia wapi.

"Misheni," aliwajibu. "Na kwa daktari."

Shida ya kweli ilikuja na kazi ya masista. Nyumba yao ilikuwa na kiwanja kikubwa, na mwenye kupata kazi ile alikuwa amepata kazi ya mwaka mzima. Bwana Majani alikwenda kuomba, akamkuta mwombaji mwenzake langoni: mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale walioingia bondeni miaka hiyo na ng'ombe wao, fimbo begani, tabasamu pana.

"Mzee, shikamoo," alisema mfugaji. "Na wewe umekuja na mashine? Mimi zangu ni kumi na mbili. Hazinywi petroli, hazipigi kelele, na asubuhi zinatoa maziwa. Yako inatoa nini?"

"Ustaarabu," alisema Bwana Majani.

Sista Mkuu alikuwa mwanamke wa maamuzi mafupi. Akawapa nusu kwa nusu: mfugaji nyuma, Bwana Majani mbele, siku moja, halafu aone. Nilikwenda kushuhudia, maana ilikuwa Jumamosi, na mkewe aliniomba. Tulikuwa tumepatana.

Bwana Majani hakuwahi kufanya kazi kwa haraka namna ile. Alisikia ng'ombe wakitafuna nyuma ya nyumba na aliuchukulia kila mtafuno kuwa matusi. Saa nne alikuwa amemaliza uwanja wa mbele, na kwa kuwa mkono ulikuwa bado unataka, akapitisha mashine kwenye safu ndefu ya majani marefu yaliyokuwa yamejisahau kando ya jiko. Harufu nzuri ikapanda. Mkewe akaivuta puani, akanishika mkono.

"Mchaichai," alinong'ona. "Amefyeka chai ya masista."

Mpishi alitoka jikoni na ufagio. Wakati huohuo kelele zikasikika nyuma, na Sista mmoja akaja mbio ameshika pembe ya kitambaa cheupe chenye tarizi. Pembe nyingine ilikuwa mdomoni mwa ng'ombe, ambaye naye alikuja mbio, hakutaka kuachia. Kilikuwa kitambaa cha altare, kilianikwa uani.

Sista Mkuu aliwasimamisha wote wawili mbele yake. "Mmoja amekula altare," alisema, "mwingine amefyeka chai. Sina hakika nimwombe Mungu awasamehe, au anisamehe mimi niliyewaita. Nendeni nyumbani."

Mfugaji alicheka kwanza kwa aibu, akaondoa ng'ombe wake. Bwana Majani hakucheka. Nilimwona mkewe akimtazama, na sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa anaogopa. Kazi ile ilikuwa imeshakuwa chakula cha mwaka kichwani mwake.

Bwana Majani aliinamisha kichwa, akasema, "Mama, niruhusu niondoke vizuri. Kuna jambo sijamaliza."

Kutoka lango mpaka kikanisani kulikuwa na njia ya matofali, ya zamani, ambayo ukoka ulikuwa umeimeza mpaka imebaki upana wa mguu mmoja. Aliifungua mashine ya kingo kutoka kwenye baiskeli, akaiwasha, akaweka magurudumu juu ya matofali. Ilikwenda. Kwa mara ya kwanza tangu itoke nyuma ya saruji, ilikwenda pasipo kuzama. Ukoka ukakatika kama mkate, na matofali mekundu yakatokea, safu kwa safu, mpaka mlangoni mwa kikanisa. Kisha akarudi na upande wa pili. Alipozima, njia ilikuwa imenyooka kama mstari wa daftari.

Sista Mkuu alitazama, akasema ni nzuri, lakini uzuri haunywewi na mkate. Akageuka kuingia ndani.

Katika nyumba ile alikuwepo sista mmoja mzee sana, macho yake yamekwisha. Kila saa ya sala ilibidi mtu aache kazi amshike mkono mpaka kanisani, na jambo hilo, niliambiwa baadaye, lilimtia uchungu kuliko upofu wenyewe. Kengele ilipigwa. Katika vurugu za ng'ombe na mchaichai aliyepaswa kumshika mkono alikuwa amesahau. Tukamwona anatoka peke yake, fimbo mbele. Sista mmoja akataka kukimbilia kumshika. Sista Mkuu akainua kiganja.

Fimbo ya yule mzee ikagonga tofali. Ikasogea kushoto, ikakutana na ukuta mdogo wa ukoka uliokatwa wima, ikasimama. Akaigusa tena pale, mara mbili. Akapiga hatua. Fimbo ikafuata kingo kama mkono unavyofuata ukuta gizani, na yeye akafuata fimbo, polepole, kisha si polepole sana. Alipofika mlangoni aligeuka upande tuliokuwepo, akasema kwa sauti, "Nani ameniletea njia?"

Bwana Majani alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, jino la dhahabu limefichika.

"Kazi ni yako," Sista Mkuu alimwambia hatimaye. "Na mchaichai utaupanda upya."

Njiani kurudi mkewe alitembea mbele. Tulipofika karibu na nyumbani aligeuka. "Sasa nimeziona," alisema, kisha akaingia ndani kupika.

Baada ya hapo watu walianza kuweka matofali. Si wengi, lakini wenye nyumba nzuri walitaka njia kama ya masista, na yule mfugaji aliyeshindwa alikuja kuwa rafiki yao mkubwa, akinunua majani yaliyofyekwa, kisha akiyaomba, kisha akiyachukua tu. Mimi nilihamishiwa shule ya Mkula. Tukaagana kupitia uzio, kama tulivyoishi.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi. Mwalimu mkuu wetu alikuwa amemwita aje kufyeka kiwanja cha mpira. Alikuwa amezeeka, na ngurumo za injini zilikuwa zimemla masikio. Tulisalimiana kwa kupigiana kelele, watoto wakacheka madirishani, nikawanyamazisha. Nilikuwa nimefurahi sana kumwona.

Saa tano hivi binamu yangu alifika kwa baiskeli, jasho linamtoka, kutoka nyumbani kwetu Kisawasawa. Baba yangu alikuwa ameanguka shambani asubuhi ile, wala hakufikishwa hospitali. Sikulia. Nilitoka darasani nikavuka kiwanja, sijui kwa nini kuelekea kwake, na yeye akazima mashine.

"Baba amefariki," nilimwambia.

Uso wake ukafunguka wote. "Amefika?" alipaza sauti. "Yuko wapi? Basi tumkaribishe! Siku zote namsikia tu kwa jina!"

Nikashindwa kurudia. Nilibaki nimesimama pale, yeye anacheka, anatazama huku na huku kumtafuta mgeni. Kisha akanitazama. Kicheko kikakatika. Hakuuliza tena. Alivua mkanda begani, akapeleka mashine ofisini kwa mwalimu mkuu, akaazima fyekeo la shule, na gari la kwanza lililosimama barabarani alipanda nyuma yangu bila kualikwa.

Makaburi yetu yako nyuma ya mashamba, kuelekea milimani, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeyafunika kabisa. Vijana walikuwa hawajui waanzie wapi kuchimba. Bibi na babu hawakuonekana walipolala. Bwana Majani aliingia mle na fyekeo. Alifyeka mchana wote, akayapata makaburi moja moja, akayazungushia kingo kwa panga, na alipoyamaliza yote alilala chini, shavu ardhini, akatazama. Waombolezaji walishtuka. Niliwaambia wamwache.

Jioni, baada ya mazishi, wanaume wa ukoo waliketi kwenye mkeka kula. Yeye alisimama mbali, ovaroli imejaa matope, akiosha fyekeo la shule kwa maji ya ndoo. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba, aliniita.

"Yule mzee ni nani kwako?"

Nilitaka kusema ni jirani yangu wa zamani. Nikajisikia nasema, "Ni baba mdogo. Wa Ifakara."

Baba mkubwa anawajua ndugu zake wote kwa idadi. Alinitazama, akamtazama yule mzee asiyesikia, akatazama kule makaburini. Kisha akajisogeza kwenye mkeka, akawasogeza na wengine, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Mwite," alisema, "chakula kinapoa."